Habari za Nvidia hufika Kilelengwani zikiwa zimepoa

Wiki ya matokeo ya Nvidia ina dalili zake. Status za WhatsApp zinajaa picha za chati, kila mtu anageuka mchambuzi wa akili unde, na jamaa ambaye kioo cha simu yake kimepasuka pande tatu anakueleza kwa nini chipu za Nvidia zitahitajika hadi mwaka 2030. Nacheka, ila si kwa dharau. Vijana wa namna hii nawajua Nairobi, nawajua Mombasa na Malindi, na namjua mmoja Kilelengwani.

Kwa nyinyi ambao ramani yenu ya Pwani huishia Malindi: shika barabara ya kwenda Lamu, pinda pale Minjila karibu na Garsen, halafu uingie delta ya Mto Tana upande wa kuelekea Kipini. Ni kwa wafugaji na wakulima, na mto ndio unaoamua mwaka utakuwaje. Wakenya wengi jina la Kilelengwani walilisikia Septemba 2012, wakati watu zaidi ya 30, polisi wakiwemo, waliuawa hapo katika mapigano ya Tana Delta. Baadaye kamera zikaondoka. Mtandao wa simu ukabaki, M-Pesa ikabaki, na siku hizi kuna kijana anayeegesha pikipiki yake jioni, ananunua bando, anasubiri New York ifunguliwe. Simtaji jina kwa sababu hakuniomba nimwandike.

Jamaa huyu si mvivu. Asubuhi anabeba abiria, mchana anashinda juani, jioni ndiyo anashika chati. Tofauti ya mapato na faida anaielewa vizuri kuliko wabunge kadhaa ninaowasikia wakichangia bajeti. Ukimwambia anacheza kamari anakasirika, na mimi nadhani ana haki ya kukasirika.

Hoja yangu iko kwingine. Akitaka kufanya biashara ya hisa za Marekani, afanye. Lakini anauziwa habari kama samaki wa asubuhi, ilhali wenzake walishakula nyama wakabakisha miiba. Halafu, na hapa ndipo naona hasira, anakopeshwa pesa za kununulia hiyo miiba.

Anza na saa. Soko la New York hufunguliwa saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu, na kuanzia Novemba hadi Machi, Wamarekani wanaporudisha saa zao nyuma, inakuwa saa kumi na moja na nusu. Nvidia haitoi matokeo soko likiwa wazi. Hungoja lifungwe kwanza. Kwetu hapo ni saa tano na ushei usiku, au saa sita imeshapita. Bei inaanza kuruka dakika ile ile, kwenye biashara ya baada ya saa za soko, ambako wanaocheza ni mifuko mikubwa na kompyuta zinazosoma kichwa cha habari kabla jicho lako halijamaliza mstari wa kwanza. Programu nyingi za simu hazikuruhusu kuingia saa hizo. Unaruhusiwa kesho yake jioni, na bei unayoikuta si ile uliyolala nayo.

Chukua Jumatatu ya tarehe 27 Januari 2025. Siku hiyo hisa ya Nvidia ilishuka karibu asilimia 17, na thamani ya kampuni ikapungua kwa karibu dola bilioni 600 kwa siku moja. Hakuna kampuni ya Marekani iliyokuwa imepoteza kiasi hicho kwa siku moja kabla ya hapo. Sababu iliyotajwa na kila mtu ilikuwa DeepSeek, wale Wachina waliotengeneza akili unde iliyosemekana kugharimu pesa kidogo sana. Vikundi vya Telegram vikawaka: uza, uza, uza.

Lakini angalia kalenda. DeepSeek walitoa R1, ile programu yao, tarehe 20 Januari. Wiki nzima! Aliyetaka kuisoma aliisoma, aliyetaka kuijaribu aliijaribu. Na Jumatatu yenyewe, soko lilipofunguliwa saa kumi na moja na nusu yetu, Nvidia ilikuwa tayari iko chini kwa zaidi ya asilimia 10. Yaani mporomoko mwingi ulikwisha kabla treda wa Kilelengwani hajaruhusiwa hata kubonyeza. Aliyeingia kuuza usiku ule, kwa imani kwamba "bado inaanguka", alikutana na Jumanne. Jumanne ikapanda karibu asilimia 9.

Kuna lingine, na hili linawachanganya hata waliosoma. Tarehe 28 Agosti 2024 Nvidia ilitangaza mapato ya robo mwaka ya dola bilioni 30, zaidi ya mara mbili ya mwaka uliotangulia na juu ya walivyotarajia wachambuzi. Habari njema kabisa. Kesho yake hisa ikashuka zaidi ya asilimia 6. Kijana anabaki anauliza, kwani nilisoma vibaya? Hapana, ulisoma sawa. Bei ilikuwa imeshabeba habari njema hiyo, pamoja na nyingine bora zaidi ambayo watu walijipa moyo ingekuja. Ilipokuja ya kawaida kuliko ndoto, wakatoka. Unaponunua kwa sababu ya habari, unabeti kwamba habari hiyo inazidi walichokuwa wanakitarajia wengine wote, na hao wengine wote huwaoni. Hapo ndipo ugumu ulipo, na hakuna mwalimu wa TikTok anayekaa nao zaidi ya sekunde kumi.

Halafu kuna wiki ile ya ushuru wa Trump. Tarehe 7 Aprili 2025 uvumi ulisambaa kwamba ushuru utasimamishwa kwa siku 90. Masoko yakaruka kwa dakika chache, White House ikakana, yakaanguka. Siku mbili baadaye, tarehe 9, Trump mwenyewe akatangaza hivyo hivyo, na Nvidia ikapanda zaidi ya asilimia 18 kwa siku moja. Maneno yale yale! Jumatatu yalikuwa uongo, Jumatano yakawa kweli. Treda aliyechomwa na ya kwanza ndiye aliyeogopa ya pili. Mtu wa New York mwenye skrini sita alihangaika na hilo, sembuse mtu anayesubiri ukurasa ufunguke kwa mtandao wa mistari miwili.

Sasa tuje kwenye mkopo. Vijana wengi hapa hawanunui hisa ya Nvidia yenyewe. Wananunua kinachoitwa CFD, yaani mkataba wa tofauti ya bei kati yako na broka. Humiliki chochote. Bei ikienda upande wako anakulipa, ikienda upande wa pili unalipa wewe. Na broka anakuongezea nguvu: weka Sh5,000, cheza kama mwenye Sh50,000. Hiyo ndiyo leveraji. Matangazo huisema kwa furaha, kana kwamba ni zawadi ya Krismasi.

Hesabu yake haitaki chuo. Ukiwa na nguvu ya mara kumi, bei ikishuka asilimia 2 umepoteza Sh1,000, moja ya tano ya pesa zako. Kwa Nvidia asilimia 2 ni siku ya kawaida, haingii hata kwenye habari. Ikishuka asilimia 10, umekwisha. Hata ikirudi juu kesho, wewe haumo, kwa sababu broka alishakufungia. Ulikuwa sahihi kuhusu kampuni, ulikuwa sahihi kuhusu akili unde, na bado umetoka mikono mitupu. Ongeza ile ada ya kulala na mkataba usiku, na ile pengo ndogo kati ya bei ya kununua na ya kuuza ambayo inaliwa kila ukiingia na kutoka. Mtu anayeingia na kutoka mara nane kwa jioni moja analipa ushuru mara nane kama lori la mchanga.

Na upande wa pili wa mkataba ni nani? Mara nyingi ni broka mwenyewe. Ukipoteza, anapata. Kenya ilitunga kanuni za mabroka wa fedha za kigeni mtandaoni mwaka 2017, na leseni ziko za aina zaidi ya moja: kuna broka anayeruhusiwa kukaa upande wa pili wako, na kuna ambaye haruhusiwi, kazi yake ni kupitisha tu. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuuliza broka wetu yuko kundi gani? Wengine wanatumia mabroka wa nje ambao hawana leseni yoyote hapa, waliosajiliwa kwenye visiwa ambavyo ukitaka kwenda kulalamika utahitaji kwanza kujua ndege inayotua huko.

Yule "mentor" wa Telegram naye ana mshahara wake. Wengi wao hulipwa na broka kwa kila mtu wanayemleta, na hulipwa zaidi kadiri huyo mtu anavyofanya biashara nyingi. Hajali umepata au umepoteza, anajali umebonyeza. Ndiyo maana kila habari kwake ni sababu ya kuingia. Apple imetoa simu, ingia. Tesla imekosa lengo la mauzo, ingia. Elon Musk ameandika kitu cha ajabu usiku, ingia. Sijawahi kuona mentor akiwaambia watu wake, "Wiki hii hakuna kitu, laleni."

Takwimu ziko wazi na si za kubishaniwa vijiweni. Wasimamizi wa masoko Ulaya walipochunguza mwaka 2018, walikuta kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida wanaofanya CFD hupoteza pesa. Wakaweka kikomo: kwa hisa, mtu wa kawaida haruhusiwi kuongezewa nguvu zaidi ya mara tano. Brazil watafiti walifuatilia watu walioanza biashara ya siku kati ya 2013 na 2015. Kati ya waliovumilia zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza, na waliopata zaidi ya mshahara wa chini wa nchi hawakuzidi asilimia 2. Hao ni waliovumilia, si walioacha wiki ya kwanza! Msimamizi wa soko la India naye alikuta watu tisa kati ya kumi hupoteza kwenye mikataba ya aina hiyo ya kubashiri bei.

Basi mbona vijana wenye akili wanaingia? Ukitaka kuelewa, nenda mnadani. Dalali wa ng'ombe ni treda wa siku. Ananunua asubuhi, anauza kabla jua halijazama, faida yake ni tofauti. Anasikiliza habari: mvua imenyesha wapi, barabara imekatika wapi, lori la Mombasa limefika au limekwama. Kijana aliyekulia Tana River ameona kazi hii tangu akiwa mtoto. Anapofungua chati ya Nvidia anaona kitu anachokijua: bei inapanda, bei inashuka, mwenye jicho la haraka anakula.

Tofauti ni kwamba dalali anamshika ng'ombe. Anafungua mdomo anahesabu meno. Anajua muuzaji ana shida ya karo, kwa hivyo atakubali bei. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalipokata barabara huku, mtu wa Minjila alijua kabla ya redio, maana maji aliyaona kwa macho. Hapo yeye ndiye New York, na mnunuzi wa Mombasa ndiye anayepokea habari zikiwa zimepoa. Kwa Nvidia wamebadilishana viti.

Delta yenyewe iliwahi kuwa habari ya soko la hisa. Mwaka 2008 Mumias Sugar, kampuni iliyokuwa ikiuzwa NSE, ilikuwa na mpango na mamlaka ya TARDA wa kupanda miwa kwenye maelfu ya hekta za Tana Delta. Kwa mwenye hisa Nairobi ilikuwa habari tamu, ardhi mpya na sukari zaidi. Kwa watu wa hapa ilikuwa malisho ya kiangazi na mashamba ya mpunga yanaondoka, na kesi ikaenda kortini. Mashamba yale ya miwa hayakuwahi kuwa. Hisa za Mumias zikasimamishwa sokoni mwaka 2019, kwa madeni ya mambo mengine mengi. Lakini kuhusu lile la delta, mfugaji wa Kilelengwani angekwambia mapema kuliko ripoti yoyote ya broka kwamba mradi huo utakuwa na vita.

Wazee nao wanaponiandikia kwamba kizazi hiki kinapenda pesa za haraka, huwakumbusha 2008 hiyo hiyo. Safaricom ilipouzwa kwa umma kwa Sh5 kila hisa, ni nani waliopanga foleni benki? Ni nani waliochukua mkopo kununua, wakiamini itakuwa Sh10 kabla ya mwezi kwisha? Ilianza kuuzwa Juni, ikagusa zaidi ya Sh7, halafu kufikia mwaka uliofuata ilikuwa chini ya Sh3, na mkopo wa benki ulikuwa pale pale. Mama zetu na baba zetu, kwa heshima zote, hiyo ilikuwa leveraji. Bahati yenu ni moja: hisa ilikuwa yenu. Aliyeikalia hadi Agosti 2021 aliiona ikipita Sh40. Hakuna broka aliyemfungia mlango usiku bei ilipoyumba. Kijana wa leo hapewi nafasi hiyo ya kusubiri. Na msimwambie arudi shule. Mimi niliacha chuo, najua sentensi hiyo ikisemwa mlango hufungwa masikioni.

Kwangu mimi, kama unataka soko, kuna hisa ya teknolojia unayoweza kuisoma kwa macho yako. Tangu Agosti 2025 NSE imeruhusu kununua hata hisa moja, ile sheria ya hisa 100 imeondoka. Biashara ya kununua na kuuza siku moja inaruhusiwa tangu Novemba 2021, ingawa sikushauri, maana ada na tozo ni karibu asilimia 2 ukinunua na nyingine ukiuza, na bei yenyewe haiwezi kwenda zaidi ya asilimia 10 kwa siku. Ni soko linalochosha. Sifa hiyo naipenda.

Habari za Safaricom unazishika. Unajua mlingoti wa kijijini kwenu unafanya kazi siku ngapi kwa wiki. Unamwona wakala wa M-Pesa ana foleni au anasinzia. Ethiopia waliingia Oktoba 2022, na ilipofika Julai 2024 Waethiopia wakaiachia birr ielee, thamani yake ikaporomoka. Hapo hukuhitaji mentor kujua hesabu za Safaricom zitauma, ulikuwa na miezi ya kufikiria kabla ya matokeo ya Novemba. Desemba 2025 ilipotangazwa kwamba Vodacom inataka kununua asilimia 15 ya Serikali kwa Sh34 kila hisa, habari ilikuja mchana, kwa lugha tunayoielewa, na Bunge likaanza kuizozania mbele yetu. Huenda bado ukakosea. Hisa ile ile ya zaidi ya Sh40 ilishuka hadi karibu Sh13. Lakini ukikosea na hisa yako mwenyewe, isiyo na mkopo, unaamka kesho bado unayo.

Jamaa wa Kilelengwani nilimweleza haya. Akanijibu kwamba Safaricom inasonga senti kumi wakati Nvidia inasonga dola kumi, na yeye hana miaka kumi ya kusubiri, ana karo ya mdogo wake mwezi ujao. Sikuwa na jibu zuri, na bado sina. Pesa anayoiweka pale ni bei ya mbuzi mdogo, wakati mwingine ni Fuliza. Mtu wa namna hiyo humwambii "subiri miaka kumi" halafu ukajiona umemsaidia.

Ninachoweza kudai ni kutoka kwa wanaomwuzia. Matangazo ya mabroka ninayoyaona mimi yana magari, saa za dhahabu, na kijana mwenye laptopu ufukweni Diani. Huko Ulaya broka analazimika kuandika ni asilimia ngapi ya wateja wake hupoteza. Nataka namba hiyo kwenye kila tangazo la hapa, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa kama zile za neno "bonasi". Nataka kikomo cha leveraji kwa hisa kinachofanana na cha Ulaya. Nataka mentor anayelipwa na broka aseme hivyo mwanzo wa video, si kwenye maelezo ya chini ambayo hakuna anayeyafungua.

Hadi hapo, orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Ni bure na haimalizi bando. Tafuta jina la broka wako, kisha angalia leseni yake ni ya aina gani. Kama jina halipo, toa salio lako leo, kabla New York haijafunguliwa.